Dua ya Nyumba Isiyokuwa Yangu

Niliishi ndani ya gari. Sentensi hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, na kila nilipoifuta nilijidanganya kwamba tatizo ni mtiririko. Kwa karibu miaka ishirini nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mwaka wangu wa masomo huko Birmingham niliishi kwenye flat Newtown, ghorofa ya tatu, hita chini ya dirisha, kapeti la rangi ya uji wa ulezi. Flat hiyo nimeitaja katika makala zangu mbili, na siku moja redioni, nilipoulizwa nilianzia wapi kuandika, nilijibu kwa sauti ya mtu aliyeteseka kidogo lakini kwa heshima: "Kwenye dirisha langu la Newtown." Dirisha lilikuwepo. Kapeti lilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwemo humo alasiri moja tu, na hiyo yenyewe kwa kuazima.

Ningekufa na uongo wangu kwa amani kama Bi Rukia asingetangulia yeye. Bi Rukia ndiye mwanamke wa Kizanzibari aliyenipokea nilipofika Uingereza. Hatukuwa na undugu ambao mtu angeweza kuuchora kwenye karatasi, ila yeye na mama yangu walisoma Kurani kwa mwalimu mmoja utotoni, na kwa watu wetu hilo linatosha kumpa mtu kitanda. Mwaka jana nilirudi Birmingham kwa ajili ya hitma yake. Nilikuwa jikoni, nyumba ileile ya Alum Rock, nimeshika sahani ya sambusa, bintiye Nasra aliponiegemea begani. Nasra sasa ana watoto wake wanaomjibu kwa Kiingereza kama yeye alivyokuwa akimjibu mama yake. "Unajua Mama mwishoni alikuwa confused kabisa," aliniambia. "Alikuwa akituambia, 'Mpelekeeni blanketi yule mtoto, analala garini.' Tukimuuliza mtoto gani, anakutaja wewe. Basi tukajua akili imeshaondoka." Akanitazama. "Hujawahi kulala kwenye gari, wewe, si ndiyo?" Nafasi ilikuwepo. Mlango umefungwa, wasomaji wa hitma wako sebuleni, hakuna ambaye angesikia. Nikameza sambusa yangu, nikasema, "Maskini. Alichanganya." Nasra akatikisa kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, nami nikachukua sambusa nyingine. Hivyo ndivyo nilivyomfanya mwanamke aliyekuwa na akili timamu kuliko wote tuliokuwa ndani ya nyumba ile aonekane amekufa akili zimemtoka, ili mimi nisionekane niliwahi kukosa nyumba.

Hakuchanganya. Hilo kwanza. Siri aliyoitunza miaka yote ile ilikuwa yangu, na ugonjwa ulipomfungua mdomo, kilichomtoka kilikuwa kweli tupu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, simu zikiwa bado na vitufe na bei ya kupiga nyumbani ikiwa bado inamfanya mtu aongee haraka. Nilikuja kusomea shahada ya pili, na mada yangu ilikuwa makazi ya watu wasio na makazi. Naomba msomaji acheke sasa hivi, ili tusikatizane mbele. Bi Rukia alinipa kitanda katika chumba cha Nasra, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na saba mwenye mitihani. Chumba kilikuwa chembamba kiasi kwamba kabati halikufunguka mpaka mmoja wetu apande kitandani. Kulikuwa na joto humo, joto la ovyo ovyo la watu wasiolipa bili wao wenyewe, na chini kulikuwa na jiko la Bi Rukia, ambako kila kitu kilichowezekana kutiwa nazi ya kopo kilitiwa. Jumamosi alikuwa akienda madukani Alum Rock Road kununua mihogo ya kugandishwa na mbaazi, akigombana na wauza duka kwa lugha iliyokuwa robo Kiurdu, robo Kiingereza na nusu Kiswahili, na wao wakimwita "auntie" na kumpunguzia bei ili aondoke. Jioni alipika chapati, nami nikizikunja kwa kitambaa zisipoe. Naukumbuka mkono wake ukigeuza chapati bila mwiko, ncha za vidole tu, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

Siku moja nilikuwa nashuka ngazi, nimevaa soksi, ndiyo maana hawakunisikia. Nasra alikuwa jikoni. "Mum, ataondoka lini? Hata kusoma siwezi chumbani kwangu mwenyewe."

"Sema polepole," Bi Rukia alimwambia. "Mgeni haulizwi safari."

"Yeye si mgeni, Mum. Mgeni anaondoka."

Nimewahi kusema kwamba Nasra ndiye aliyeniumiza. Si kweli, na alikuwa na haki. Kilichoniuma ni kimya cha Bi Rukia baada ya hapo, kimya cha muda wa kugeuza chapati moja. Nilisimama kwenye ngazi nikasikia mafuta yakitatarika, nikangojea aseme neno, naye hakusema. Leo nina umri aliokuwa nao yeye siku ile, na wageni wangu mwenyewe, na najua kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu tu amechoka. Siku ile niliamua kunyamaza kwake ni hukumu. Kesho yake, nikipaka siagi mkate kwa utulivu wa mtu aliyekwishafanya mazoezi, nikatangaza: "Nimepata flat. Newtown."

Newtown kwa sababu uongo unahitaji anwani, na anwani pekee niliyoijua nje ya Alum Rock ilikuwa ya Mama Furaha. Mama Furaha alikuwa Mkongomani wa mashariki, mkimbizi, mwenye mabinti wawili wadogo, Furaha na Neema. Tulikutana kliniki, nilikojitolea kuwa mkalimani nikiamini kwamba Kiswahili ni kimoja. Alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akamwambia daktari, kwa Kiingereza alichokuwa amejifunza juzi, kwamba huyu dada ni mtu mzuri sana lakini labda angekaa tu. Baadaye alinialika kula sombe, kisamvu cha kwao, nami nikaliona lile kapeti la rangi ya uji.

Haikunichukua muda mrefu kugundua kwamba chumba cha kupanga sitakimudu. Nilichopata kilikuwa kempa, yale magari ya Waingereza ya kwendea likizo, yenye kitanda, meza, sinki na jiko la gesi humohumo. Lilikuwa nyuma ya gereji moja Sparkbrook, kichochoro kinachotokea Stratford Road. Mwenye gereji, mzee wa Kipakistani tuliyemwita Mzee Bashir, alikuwa ameachiwa gari hilo na mteja asiyerudi, akanipangisha kwa bei iliyonifanya nisiulize maswali. Alinipa ufunguo wa kufuli la geti na sharti moja: likifungwa libaki limefungwa, watu wa manispaa wasije wakachungulia. Nililitii sharti hilo kwa moyo wote, maana mimi nilikuwa na watu wengi zaidi wa kuwaogopa. Nikitoka nafunga, nikiingia nafunga. Mkono ulifanya wenyewe, bila kuniuliza. Umeme haukuwepo, maji hayakuwepo, na jioni Mzee Bashir alipokwenda zake, pale uani tulibaki mimi na magari yasiyo na injini.

Watu hudhani baridi ya ndani ya gari ni baridi ya nje iliyopunguzwa. Hapana. Ni baridi ya nje iliyofungiwa. Unapumua, na pumzi yako inapanda darini, inageuka maji, inakudondokea usoni, na asubuhi unakuta imeganda kwenye kioo upande wa ndani, maua meupe mazuri ambayo umeyatengeneza mwenyewe kwa mapafu yako. Nilijifunza kufunika madirisha kwa foili ya jikoni na mablanketi ya kuhamishia samani. Nililala na nguo za kesho tumboni ili nizivae zikiwa na uvuguvugu. Nilivaa kanga mbili chini ya sweta. Kanga hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, lakini zilikubali. Chupa ya mpira ya maji ya moto nililala nayo kwa mapenzi ambayo sijampa binadamu. Mchana kutwa nilikaa maktaba ya chuo, kwenye meza iliyogusana na hita, nikiandika kuhusu unyevu katika nyumba za maskini kama jambo nililolisoma mahali.

Gari lilikuwa na hita yake ya gesi, na hapo ndipo shahada yangu ya kwanza ilipofeli. Kwetu mtungi wa gesi ni mtungi wa gesi. Kule kuna wa bluu na kuna mwekundu, na ule wa bluu, niliokuwa nimeuchukua kwa sababu ulikuwa rahisi, ni gesi ya kiangazi. Baridi ikizidi, gesi yake inajikalia chini ya mtungi kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Mwali unapungua, unakuwa wa ukubwa wa ukucha, halafu unazimika. Niliufunga mtungi blanketi. Nikauwekea na chupa yangu ya maji ya moto. Ndipo nilipotambua kwamba ninaupa mtungi joto nililotaka mtungi unipe mimi. Mzee Bashir alinicheka aliposikia, akasema nibadilishe nipate mwekundu. Nilisema nitabadilisha. Nilikuwa mtu wa kusema nitabadilisha.

Kisha ukaja udi. Nilikuwa na chetezo kidogo cha udongo nilichotoka nacho nyumbani, na harufu ya gari lile, ya godoro bichi na mafuta ya injini, ilikuwa imeanza kunifuata darasani. Nikawa nawasha kipande cha mkaa humo ndani, natia udi, napasha mikono, nafukiza nguo: mambo matatu kwa moto mmoja. Matundu ya hewa yalikuwa sakafuni na darini, yakiingiza upepo kama kisu, nami nilikuwa nimeyaziba kwa soksi. Jioni moja kichwa kilianza kunigonga, macho yakafanya kiza, nikafungua mlango na kutapikia theluji. Nilipotulia kwenye baridi ndipo nilipokumbuka kile ambacho kila bibi wa pwani anajua, kwamba mkaa haulali chumbani na watu. Nilizing'oa zile soksi kwa aibu ya mtu aliyekaribia kufa akiwa ananukia vizuri. Tangu hapo chetezo nilikiwasha nje, kwenye kidato cha mlango, nikizishika nguo zangu juu ya moshi moja moja huku natetemeka.

Sikufikiria nguo hizo zinasema nini. Ijumaa nilikuwa bado nakwenda Alum Rock kula mchana, na siku moja, nikiwa nimeinama kuchukua wali, Bi Zakia, shoga yake Bi Rukia, mwanamke aliyekuwa na pua ya kutafuta habari, alininusa bega waziwazi.

"Mh! Rukia, njoo umnuse mtoto wako."

"Ana nini?"

"Ana udi. Ijumaa iliyopita udi, Ijumaa hii udi. Mtoto wa shule, peke yake, baridi hii, anajifukiza kama yuko fungateni! Kwa ajili ya nani? Ya vitabu?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ambayo ndiyo namna mbaya zaidi ya kukana. Mtu asiye wa kwetu angedhani ni utani tu. Lakini pwani udi una kazi zake: harusi, mgeni, mume arudipo. Msichana asiyeolewa anayenukia hivyo kila wiki ana mtu, na kama hamtaji, basi mtu mwenyewe hatajiki. "Na nyumba hatuitwi," Bi Zakia aliendelea, akihesabu kwa vidole vyenye mchuzi. "Nyumba mpya, haijasomewa kisomo, haijafukizwa, na sisi tuko hapahapa. Kwa nini hatuitwi? Kuna nani humo?"

Bi Rukia hakucheka. Alingoja mpaka Bi Zakia alipokwenda kunawa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe ni amana kwangu. Jumamosi tunakuja kuiombea dua nyumba yako. Tukikuta hakuna mtu, tutakula, tutafurahi. Tukikuta kuna mtu, au tukikuta mlango umefungwa, mimi mwenyewe nitampigia baba yako, kabla hajasikia kwa Zakia." Alijua anachokisema. Baba aliniruhusu kuja kwa sharti kwamba niwe chini ya mkono wa Bi Rukia. Simu moja tu, na ningekuwa kwenye ndege na tasnifu nusu. Ningeweza kumwambia palepale: hakuna mwanamume, kuna mtungi wa bluu. Aibu ya mume wa siri ilikuwa ya uongo na ingefutika kwa neno moja la kweli. Lakini neno hilo ndilo lilikuwa aibu yangu halisi, na nilichagua kulinda hiyo.

Jioni ileile nilikuwa Newtown. Mama Furaha alikuwa anasuka nywele za Neema, akanisikiliza bila kuinua macho. Nilimwambia kwamba wazee wangu wanataka kuombea nyumba yangu dua, nyumba yangu ni ndogo, haifai wageni, je, naweza kuazima yake Jumamosi? Na wasimkute mtu.

"Wanakuya kusali?" aliuliza.

"Kusali na kula."

"Basi ni muzuri. Nyumba ni ya bantu bote." Akafunga msuko mmoja. "Na sisi tutaenda fasi gani?"

"Kwangu."

"Kwako iko joto?"

Nilisema ndiyo. Nilisema ni kama nyumba ndogo, watoto watapenda, kama likizo.

Jumamosi asubuhi, siku ambayo Mzee Bashir hakufungua gereji, niliwaleta Sparkbrook kwa mabasi mawili. Furaha aliingia mbio, akafungua kila kidroo, akauliza kwa Kiingereza cha Birmingham kama tutaendesha mpaka baharini. Mama Furaha alisimama mlangoni. Aliweka kiganja ukutani, akakitazama kilivyolowa. "Dada," alisema, "ni hapa unalalaka?"

"Ni kwa muda tu."

Akazunguka kwa macho: ile foili, lile godoro, chupa ya mpira. "Ku kambi tulikuwa na hema," alisema. "Ile hema ilikuwa na joto kupita hii." Akacheka, ili nisione haya. Alikuwa amelala miaka chini ya turubai na watoto hawa, akavuka nusu ya dunia mpaka akapewa kuta na hita, na mimi, mtaalamu wa makazi, nilikuwa nimemrudisha kwenye turubai kwa sababu nilikuwa natarajia wageni. Nilikiona hicho waziwazi, kwa maneno haya haya, nimesimama pale. Kisha nikawasha hita, nikauonyesha mwali kana kwamba ni kitu cha kujivunia, nikamwambia, "Wakiondoka tu nitakubipu." Nikatoka, na mkono wangu, kwa mazoea yake, ukafunga geti.

Flat niliitayarisha kama mwizi. Rozari na picha ya Bikira Maria nikaziweka chini ya kitanda, nikiomba radhi kwa sauti bila kujua naiomba kwa nani. Viatu vya watoto kwenye mfuko, nyuma ya kabati. Bi Rukia, Bi Zakia na wenzao wawili walifika baada ya adhuhuri na sinia la biriani lililofungwa taulo, na thermos ya chai ya tangawizi. Bi Zakia hakukaa. Alitia ubani kwenye chetezo alichokuja nacho na kuanza kupita chumba kwa chumba, akifukiza pembe, kabati, na, nina hakika, waume. Alipofika ukumbini kitu darini kikapiga kelele ambayo sijawahi kusikia nyingine mfano wake. Ilikuwa king'ora cha moshi. Wote wakanitazama mimi, mwenye nyumba, nami nikakitazama king'ora kama wao.

"Kizime basi!"

"Kinazimwaje?"

"Unatuuliza sisi? Nyumba yako hii!"

Bi Rukia ndiye aliyepanda kiti na kukipepea kwa mtandio mpaka kikanyamaza. Aliposhuka alinitazama kidogo, muda uleule wa kugeuza chapati moja. Nikakimbilia jikoni kuleta vikombe, nikafungua makabati matatu kabla ya kuvipata. Nilipotoka, Bi Zakia alikuwa amesimama dirishani, kidole kimenyooshwa kwenye hita. Juu yake zilikuwa zimeanikwa soksi mbili, nyekundu, za ukubwa wa kiganja.

"Mume hatukumwona," alisema. "Tumeona mtoto."

"Za jirani," nilisema. "Namwangalizia mtoto wake." Ilikuwa karibu na ukweli kuliko lolote nililosema mwaka ule.

Tukakaa kwenye kapeti. Niliweka simu kimya kwa heshima ya kisomo, nikaegemea hita. Sauti ya Bi Rukia ilianza, ya pua kidogo, yenye kuvuta, sauti niliyokuwa nikiisikia kupitia ukuta wa chumba cha Nasra kila alfajiri. Na joto likaanza kuniingia. Liliingia mgongoni kwanza, likashuka kiunoni, likafika kwenye vidole vya miguu ambavyo nilikuwa nimevisahau kwa wiki nyingi. Mtu ambaye hajapata baridi ya muda mrefu hajui kwamba joto linalewesha. Nakumbuka nikiitikia amina ya kwanza. Ya pili sikumbuki.

Nimejitetea mara nyingi kwamba usingizi hauna dhambi. Furaha, ambaye leo ni muuguzi na hunitumia picha za wanawe, anasema anachokumbuka siku ile ni mama yake akiwaimbia na kuwafundisha kucheza ngoma wamesimama palepale ndani ya gari, na kwamba kwake ilikuwa kweli likizo. Mama Furaha hajawahi kuniambia anachokumbuka yeye. Nilipozinduka dirisha lilikuwa jeusi. Kule baridi ikija jua linaondoka alasiri. Nilikuwa nimelala kapetini, nimefunikwa kanga ya Bi Rukia. Sahani zilikuwa zimeoshwa, Bi Zakia na wenzake walikuwa wamekwenda. Bi Rukia alikuwa amebaki, ameketi kwenye kiti cha Mama Furaha, viatu mguuni, mkoba mapajani, akingoja mtoto wa watu aamke, kwa sababu hakuona vizuri kumwacha aliyelala na mlango wazi. Chakula cha sinia alikuwa ameniwekea sehemu, amekifunika. Nilipapasa simu yangu chini ya kanga. Iliwaka: umepigiwa, umepigiwa, umepigiwa.

Wakati huo ndipo simu ya nyumbani, ile ya ukutani ukumbini, ilipolia. Nilitaka kuinuka, kanga ikanifunga miguu. Bi Rukia, mtu wa kizazi kisichoacha simu ilie, alikuwa ameshafika.

"Halo? ... Ndiyo, ni hapa. ... Nani mwenzangu?" Kutoka sakafuni niliisikia sauti ya upande wa pili, nyembamba, haigombi, inaeleza. "Mama nani? ... Mama Furaha." Akageuza macho kwenye kiti alichokuwa amekikalia. "Mwenye nyumba," alisema, na hakuwa akiuliza. "Uko wapi, mama? ... Kwenye gari. ... Na watoto unao humo? ... Moto umezimika tangu lini? ... Hujaweza kutoka. ... Geti." Akageuka, waya wa simu ukamzunguka kiunoni, akaniona nimefumbua macho. "Ufunguo anao nani?"

Niliingiza mkono mfukoni mwa sketi nikautoa. Nikaunyoosha kwenye kiganja, nimekaa vilevile chini. Bi Rukia aliutazama ufunguo. Akazitazama soksi nyekundu kwenye hita. Akaitazama sketi yangu, iliyokuwa inanukia udi kuliko nyumba nzima iliyofukizwa, na nikaona yote yakipangana usoni mwake, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Kumbe hakuna mume," alisema, si kwenye simu.

Kisha akageukia ukuta, na sauti yake ikawa ile ya jikoni, ya kumwambia mtu asogee karibu na moto.

"Mama, nisikilize. Waingize watoto ndani ya nguo zako, ngozi kwa ngozi. Tunakuja sasa hivi, ufunguo tunao, na wali upo, nitaupasha. ... La, usiniombe radhi, mama, wewe hujanikosea kitu. ... Na nyumba yako iko salama, usiwe na wasiwasi nayo. Tumeshaiombea dua."